Mvua ya Mawe na Mtu wa Barafu katika Nchi ya Chai

Mwenyeji wa Lamu au Bagamoyo akiambiwa kwamba iko nchi katika Afrika ya Mashariki, pungufu ya nyuzi moja kutoka mstari wa Ikweta, ambako mvua ya alasiri ikiisha watoto hutoka uani wakajenga mtu mweupe wa barafu, huenda akatabasamu kwa adabu na kumwachia msimulizi hadithi yake. Lakini nchi hiyo iko, wala haikujificha: ni nchi ya chai ya Kericho na Bomet, na ndani yake, katika barabara itokayo Kericho kwenda Sotik, umo mji wa Litein. Theluji haianguki Litein. Kinachoanguka ni mvua ya mawe, nayo huanguka kwa wingi na kwa mazoea yaliyoiingiza Kericho katika vitabu vya maajabu ya dunia, maana katika mwaka mmoja zilihesabiwa huko siku 132 za mvua ya mawe, hesabu ambayo ni shida kuipatia mfano penginepo. Mtu wa barafu wa Litein ni mwana wa mvua hiyo, na atakaye kuandika nasaba yake hana budi kuandika pia nasaba ya chai, ya mabati, ya misheni, na ya watu waliodai, kila mmoja kwa zamani zake, kwamba wanayo mamlaka juu ya mawingu.

Litein imekaa mahali pa juu, karibu mita 2,000 kutoka usawa wa bahari, katika nchi ya Bureti ya kaunti ya Kericho, si mbali na mpaka wa Bomet. Mji ulikua kandokando ya misheni ya Africa Inland, ambayo zahanati yake ya mwaka 1924 ndiyo asili ya hospitali iliyopo leo; kisha vikaja shule, soko, kituo cha magari, na kiwanda cha chai kipokeacho majani ya wakulima wadogo wa vilima vya jirani. Mgeni apitaye asubuhi haoni dalili yoyote ya barafu. Huona vichaka vya chai vilivyokatwa usawa mmoja, wachumaji waliojifunga aproni za plastiki viunoni, ng'ombe wawili watatu nyuma ya nyumba, na mbingu safi ya kumfanya mtu auache mwavuli wake. Wenyeji hawauachi.

Jua likipanda, upepo mnyevu huanza kutoka Ziwa Viktoria ukapanda miteremko kuelekea mashariki, na huko juu, penye mgongo wa msitu wa Mau, hukutana na upepo mwingine utokao upande wa Bahari ya Hindi. Na pepo mbili zikikutana uso kwa uso hazina njia ila ya kwenda juu. Kufikia saa nane mchana mawingu yamekwisha kusimama, meusi chini na meupe vichwani. Ndani ya wingu la namna hiyo tone la maji hubebwa hadi penye baridi ya kugandisha, likaanguka, likabebwa tena, na katika safari hizo likavaa gamba jipya juu ya gamba la kwanza, hata mtu akilipasua jiwe moja kubwa kwa kisu huziona ndani tabaka zake, nyingine nyeupe na nyingine angavu, mithili ya kitunguu. Katika nchi za Ikweta mpaka wa baridi hiyo uko kati ya mita 4,500 na 5,000 juu ya bahari. Jiwe linaloielekea Mombasa lina safari yote hiyo ya kuyeyukia, nalo hufika likiwa tone la mvua ya kawaida, wala mwenye kulowa hajui kwamba lilipata kuwa jiwe. Linaloielekea Litein limepunguziwa karibu nusu ya njia, nalo hufika lingali jiwe. Aghalabu huwa dogo, kiasi cha punje ya hindi, lakini wingi wake huifunika ardhi kwa muda wa robo saa, na vilima vilivyokuwa kijani kibichi vikawa vyeupe machoni pa mtu aliyesimama mlangoni.

Zamani nyumba za Wakipsigis ziliezekwa nyasi, na jiwe liangukalo juu ya nyasi halina sauti kubwa. Mabati ndiyo yaliyoipa mvua hii kishindo chake. Mwalimu aliye darasani wakati mawe yanapoanza hunyamaza katikati ya sentensi, kwa kuwa hata aliye dawati la mbele hamsikii tena. Hugeuka akaandika ubaoni, au hukunja mikono akangoja, nao wanafunzi huchungulia madirishani wakipima kwa macho unene wa weupe ulioko uwanjani. Mabati yalileta na jambo jingine ambalo waandishi wa taarikhi za ujenzi wamelisahau. Nyasi huyazuia mawe yakayeyukia darini, bali bati lina utelezi, na mawe huserereka juu yake yakamwagika upenuni, yakafanya tuta refu linalofuata ukuta wa nyumba. Tuta hilo ndilo machimbo ya watoto. Pasipo paa la bati, mtoto angekusanya mawe moja moja katika majani, na barafu ingemalizika mikononi mwake kabla hajapata ya kutosha kichwa, seuze kiwiliwili.

Kabla ya chai na kabla ya mabati, kilichohofiwa wakati wa mawe kilikuwa wimbi shambani. Wimbi likikaribia kuvunwa hubeba punje ndogo sana juu ya shina jembamba, na mvua ya mawe ya robo saa yaweza kulipura lote juu ya udongo, mahali ambapo hapana mkono wa kuliokota. Wakipsigis walimwomba Asis, ambaye jua ni alama yake, nao walimjua Ilat, mwenye radi na mvua. A. C. Hollis, mtumishi wa Serikali ya Kiingereza aliyechapisha mwaka 1909 kitabu juu ya Wanandi, ambao ni ndugu wa Wakipsigis kwa lugha na kwa mila, ameeleza kwamba watu wa ukoo wa Toiyoi, ambao mvua ni mojawapo ya alama zao, radi ikizidi hutwaa shoka, wakalisugua katika majivu ya mekoni, wakalitupa nje ya nyumba huku wakiiamuru radi inyamaze. Napenda sana habari hii kwa sababu ya shoka lenyewe. Hapakuwa na sadaka ya thamani wala safari ya mbali. Palikuwa na chombo cha kazi kilichopo mlangoni, majivu ya chakula cha jana, na amri fupi itolewayo na mtu mwenye haki ya nasaba kuitoa.

Juu ya hao alikuwapo orkoiyot, wa ukoo wa Talai, ambaye watu walimwendea kwa mambo ya vita, ya magonjwa na ya mvua. Serikali ya kikoloni haikumpenda. Mwaka 1914 orkoiyot Kipchomber arap Koilegen na ndugu zake wawili waliondolewa katika nchi ya Kipsigis wakapelekwa mbali, na mwaka 1934 ikatungwa sheria mahususi ya kuuhamisha ukoo mzima, waume kwa wake na watoto, hadi Gwassi kando ya Ziwa Viktoria, nchi ya joto na mbung'o. Hoja za Serikali zilikuwa za siasa na za wizi wa ng'ombe, si za mawingu. Lakini matokeo yake yalikuwa kwamba katika vilima vyenye mvua ya mawe kupita karibu vyote duniani hakusalia mtu aliyeruhusiwa kudai hadharani kwamba aweza kusema na mvua. Nafasi hiyo ilikaa tupu kwa miaka kama thelathini, kisha ikajazwa na watu wengine, wenye vyombo vingine, nao hawakuhamishwa na mtu.

Watu hao waliletwa na chai. Baada ya Vita Kuu ya kwanza Serikali ilitwaa ekari 25,000 za nchi ya Kipsigis ikawapa maofisa Waingereza waliopata vilema vitani, ili walime kitani. Bei ya kitani ikaanguka, na makazi yale yakavunjika kabla hayajatimiza miaka mingi. Wenye ardhi iliyotwaliwa hawakurudishiwa. Katikati ya miaka ya 1920 ilikuja kampuni ya Brooke Bond, ikifuatwa na African Highlands ya jamaa wa James Finlay, na kwa muda wa kizazi kimoja vilima vikavikwa kichaka kimoja tu, kutoka Kericho hadi ukingoni mwa msitu. Mkipsigis aliruhusiwa kuchuma chai hiyo, hakuruhusiwa kuipanda yake. Ruhusa ilikuja mwishoni, katika miaka ya 1950, hasa baada ya mpango wa kilimo wa Swynnerton wa mwaka 1954. Na mwaka 1964, Kenya ikiwa imekwisha kuwa huru, likaundwa shirika la KTDA la kusimamia chai ya wakulima wadogo. Ndipo chai ilipoingia Bureti kwa njia ya uani, mistari michache nyuma ya jiko, kisha nusu ekari, kisha mpaka wa jirani.

Wimbi lilipigwa na mawe mara moja katika msimu, na msiba wake ulikuwa wa msimu. Chai huchumwa mwaka mzima, kila baada ya siku kadha, na kinachochumwa ni ile sehemu laini kuliko zote, majani mawili na kilele chake, ambayo ndiyo hasa iliyoinuliwa juu kuyapokea mawe. Kichaka hakifi. Huchanika majani, hutobolewa, na matawi machanga hupata vidonda ambamo maradhi yaweza kuingia, nacho hukaa wiki kadha bila kutoa jani la kuuzwa. Kwa kampuni kubwa hasara ya namna hiyo ilikuwa ni mstari katika daftari, na mstari ukijirudia siku hamsini au mia katika mwaka, mwenye daftari huanza kutafuta dawa.

Dawa ya kwanza ilikuwa baruti. Fikira yake haikuwa ngeni: huko Ulaya watu wa mashamba ya mizabibu walikuwa wakipiga kengele za makanisa kuyatisha mawingu, na mwaka 1896 Albert Stiger, meya wa mji mdogo wa Styria katika dola ya Austria, aliweka mizinga yenye midomo mipana kama tarumbeta na kuipiga kuelekea mbinguni, na kwa kuwa kwa bahati mwaka ule mawe yalipungua, mizinga ikaenea Italia na kwingineko kwa maelfu, mpaka majaribio rasmi yalipothibitisha kwamba haina nguvu. Mwaka 1963, mwaka ule ule wa uhuru, maroketi yenye baruti yalianza kurushwa katika mawingu ya Kericho, na Idara ya Hali ya Hewa ya Afrika ya Mashariki ikapewa kazi ya kuyapima matokeo. Walioamini walisema mshindo huyavunja mawe yangali juu, yakafika chini ni rojo laini; na H. W. Sansom wa idara hiyo aliandika habari zake katika majarida ya wataalamu. Namfikiria mzee mmoja yeyote wa wakati ule, aliyezaliwa kabla ya Kipchomber kuhamishwa, akiwa amesimama mlangoni pake Bureti na kusikia mawingu yakipigiwa mshindo kwa idhini ya wakubwa. Sidhani kama aliona ajabu kwamba mtu anaiamuru radi. Ajabu ingekuwa gharama yake.

Mwaka 1967 maroketi yalifuatwa na ndege. Kampuni za chai ziliajiri Atmospherics Incorporated ya Fresno, California, chini ya Thomas Henderson, na marubani wake walikuwa wakipaa alasiri, saa ambayo kila rubani mwenye busara huteremka, wakazunguka chini ya mawingu na kuyafukizia iodidi ya fedha. Sifa ya kitu hicho iligunduliwa na Bernard Vonnegut huko Marekani mwaka 1946: chembe zake hufanana kwa umbo na chembe za barafu, na maji ya wingu hudanganyika yakazigandia. Tamaa ya wenye ndege ilikuwa kwamba wingu likipewa chembe nyingi mno, maji yake yatagawanyika katika mawe madogo mengi badala ya makubwa machache, na madogo yatayeyuka njiani. Kazi iliendelea hadi katika miaka ya 1970, na Kericho ikawa jina linalotajwa katika kila mkutano wa wataalamu wa mvua ya mawe. Juu ya faida yake wataalamu hawakukubaliana, kwa kuwa hakuna awezaye kuonyesha mawe ambayo hayakuanguka. Na kwa maoni yangu mjadala ule wote ulipungukiwa na jambo moja, nalo ni kwamba wingu lililofukuzwa juu ya shamba la kampuni lilikuwa na majirani chini yake, nao hawakuulizwa.

Wakati wakubwa wakipigana na mawe, watoto walikuwa wamekwisha kuyapatia kazi. Sanamu ya theluji ni mila ya zamani ya nchi za baridi, wala haikuanza kuwa ya watoto. Katika kitabu cha sala kilichoandikwa kwa mkono karibu mwaka 1380, nacho kimehifadhiwa The Hague huko Uholanzi, imechorwa pambizoni sanamu ya theluji iliyopewa mgongo moto ikayeyuka. Mwaka 1494 theluji nyingi ilianguka Florence, na Piero de' Medici akamwita kijana wa miaka kumi na minane, Michelangelo, amjengee sanamu ya theluji uani kwake. Ikajengwa, ikasifiwa, ikatoweka kabla ya mwaka kupevuka. Mwaka 1511 watu wa Brussels waliujaza mji wao sanamu zaidi ya mia, nyingi zikiwakejeli wakubwa wa Serikali na wa Kanisa kwa namna ambayo mwandishi wa heshima hawezi kuieleza hapa. Baadaye sana mtu wa theluji alifugwa, akavishwa skafu, akawekwa katika kadi za Krismasi.

Ni kwa njia ya kadi hizo na vitabu vya kusomea kwamba alifika Litein. Misheni ilikuwa na wageni wake wa Marekani, mashamba yalikuwa na mabwana wake wa Uingereza, na wote walipenda kupamba Desemba kwa theluji ya karatasi. Watoto wa shule walimwona mtu yule mnene mweupe ukurasani, wakamtambua nusu, kwa maana weupe wake walikuwa wameukanyaga kwa miguu mitupu. Walichokataa kukubali, na walikuwa na haki, ni tarehe yake. Desemba na Januari ndiyo miezi ya jua katika nchi ya chai, wakati mawe yanapokuwa adimu na vumbi la barabara likipanda. Kwa hiyo mtu wa barafu wa Litein hana Krismasi. Huja wakati wa mvua, siku ya kazi, baada ya saa tisa, bila kualikwa, na mara nyingi katikati ya masomo.

Namna ya kumjenga imetengana na ile ya Ulaya kwa sababu ya tabia ya mali yenyewe. Theluji ni laini, na bonge likiviringishwa juu yake huzidi kunenepa; mawe ya mvua ni punje ngumu, yakiviringishwa hutawanyika. Hayashikani mpaka yaanze kuyeyuka, ndipo maji yake yanapopenya katikati na kuyagandisha pamoja, na saa ya kuyafinya ni fupi mno: ukiwahi huvunjika, ukichelewa huwa maji. Basi watoto huyazoa upenuni kwa karai au kwa ungo, huyashindilia ndani ya sufuria kuukuu au ndoo iliyopasuka ukingo, wakaisimamisha kidogo, kisha wakaipindua ghafula na kuigonga kitakoni. Wenye kaka wafyatuao matofali hujua hili bila kufundishwa. Karai moja hutoa makalio, ndoo hutoa kiwiliwili, na kopo la mafuta ya kupikia hutoa kichwa, ila kichwa aghalabu humeguka mara ya kwanza na mara ya pili. Macho ni makaa, pua ni gunzi la hindi, na kofia ni chochote ambacho mwenyewe hajaanza kukitafuta. Ukimkaribia utaona kwamba si mweupe hata kidogo. Ana madoa ya kijani mwili mzima, kwa kuwa mawe yaliyompata yalipita kwanza katika chai, yakaja na vipande vya majani yaliyochanika, na mama mwenye shamba akitoka kumtazama huyaona madoa hayo kabla hajaiona pua.

Hukaa mpaka magharibi, akizidi kuinama. Chini yake udongo mwekundu hulainika, na wakati mwingine huanguka mzima mzima kifudifudi, jambo ambalo wajenzi hulifurahia kuliko ujenzi. Wadogo humtafuna vidole. Siku hizi hupigwa picha kwa simu, na picha hizo hupelekwa kwa jamaa walioko Minnesota au Massachusetts, ambao nao hujibu kwa picha ya mtu wao wa theluji, mrefu zaidi na safi zaidi, atakayekaa wiki mbili kwa uvivu wa jua la huko. Mashindano haya hayana hakimu, lakini nimesikia watu wazima wa Bureti wakitetea wa kwao kwa hoja kwamba yule wa Marekani kila mtu aweza kumjenga.

Hamu ya kuiita barafu hii theluji haikuanza na simu. Mwezi wa Septemba 2008, huko Busara karibu na Nyahururu, ng'ambo ya pili ya Bonde la Ufa, mteremko mzima ulifunikwa na weupe mnene, watu wakatoka kwa furaha kuuchezea, na habari zikaenea duniani kwamba theluji imeanguka Kenya penye mashamba. Idara ya Hali ya Hewa ililazimika kueleza kwamba yalikuwa mawe ya mvua yaliyoganda pamoja yakawa bamba, kutokana na kukutana kwa hewa ya baridi kutoka Bahari ya Hindi na hewa ya joto kutoka Kongo. Maelezo yalikuwa sahihi, na watu wa Kericho waliokuwa wakisikiliza redio hawakuyahitaji. Kwao ilikuwa Jumanne ya kawaida.

Asubuhi baada ya mawe mkulima hupita kati ya mistari yake ya chai na kikapu mgongoni, akichuma kilichosalimika, kwa kuwa karani wa kituo cha kununulia majani huchagua kabla ya kupima, na jani lililochanika huwa limekwisha kugeuka kahawia pembezoni. Nyumba moja hupona na ya pili yake huangamia, kwa maana mvua ya mawe hupita kwa ukanda mwembamba. Waweza kumkuta mtu analilia mkosi wake kwenye ua, na jirani yake wa ng'ambo ya kijito ana kikapu kimejaa. Majani yaliyochanika huachwa yaanguke chini ya vichaka, pamoja na yale yanayokatwa wakati wa kupogoa, nayo huoza hapo tabaka juu ya tabaka, yakafanya matandazo mazito yenye harufu ambayo kila aliyekulia katika chai huijua.

Matandazo hayo ndiyo yaliyomvuta Russell Schnell, mtaalamu aliyekuwa akichunguza kwa nini mawingu ya nchi hii hugandisha maji kwa wepesi namna ile. Maji safi yaliyo katika tone dogo sana hayagandi yafikapo nyuzi sifuri. Yaweza kupoa hadi karibu nyuzi arobaini chini yake yangali maji, mpaka yapate chembe ya kuanzia. Vumbi la kawaida la udongo hufaa kwa kazi hiyo penye baridi kali tu, lakini ziko bakteria zikaazo juu ya majani ya mimea ambazo huliwezesha tone kuganda nyuzi chache tu chini ya sifuri. Mwaka 1982 Schnell na mwenzake walichapisha matokeo ya uchunguzi wao juu ya majani makavu ya chai ya Kenya, wakaonyesha kwamba yana chembe za namna hiyo kwa wingi, na kwamba kuna sababu ya kudhani huinuliwa angani pamoja na vumbi, miguu ya wachumaji ikilitifua, upepo wa mchana ukalibeba hadi yaliko mawingu.

Ikiwa dhana hiyo ni kweli, basi marubani wa Fresno walikuwa wakitia juu, kwa gharama kubwa na kwa fedha hasa, kile ambacho shamba lenyewe lilikuwa likikipeleka kutoka chini bure. Wataalamu wa baadaye wameipima dhana hiyo, wengine wakaiunga mkono na wengine wakaipunguza uzito, kwa hoja kwamba Ziwa na Mau vyatosha peke yao kuyaleta mawe, na kwamba mawe yaliwapiga wenye wimbi kabla mche wa kwanza wa chai haujapandwa. Wakulima wa Bureti hawakungoja hukumu. Mwaka ule Schnell alipochapisha habari zake, chai ilikuwa ikizidi kupandwa upande wa Litein, ikishuka miteremko hadi mitoni na kupanda tena ng'ambo, na katika maboma mengi ilikuwa imekwisha kuumega ule ua wenyewe ambamo watoto walikuwa wakijenga.